Malengelenge na Filimbi

3 Novemba

Msimu umeanza leo, pamoja na mvua. Nimechezesha mechi ya kwanza katika uwanja wa Kikula, tope hadi kwenye vifundo vya miguu, na timu zote mbili zimeniita mama ingawa nina miaka thelathini na mmoja na sijazaa. Nimezoea. Kati ya waamuzi wa mpira hapa Likasi, mimi ndiye mwanamke pekee anayesimama katikati ya uwanja. Wanawake wenzangu wanapewa bendera tu, pembeni. Papa Albert, mkuu wa tume ya waamuzi, aliniambia wakati wa kiangazi: "Émérence, ukichezesha muzuri musimu huu, finale ya Kombe la Mji iko yako." Ndiyo sababu nimeamua kuandika. Sitaki msimu huu unipite mikononi.

Jambo moja tu. Kila nilipopuliza filimbi, kinywa kiliwaka kama nimetafuna kaa la moto. Wakati wa mapumziko niliona damu kwenye filimbi. Niliifuta kwa fulana kabla mchezaji yeyote hajaiona.

5 Novemba

Vidonda viwili ndani ya shavu, kimoja chini ya ulimi. Mama anasema ni joto la mwili. Nasukutua maji ya chumvi.

9 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Sokoni hakuna aliyekuja kununua hata mnyororo wa baiskeli, nikafunga duka langu la vipuri mapema.

14 Novemba

Nimekwenda zahanati ya jirani. Muuguzi amesema ni utando wa kinywa, akanipa dawa ya kupaka. Ameniomba pia kipimo cha damu, nikajua anachofikiria, nikakubali. Majibu: sina virusi. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake ina unga wa maandazi. Nilitikisa kichwa tu, naye akarudi kwenye kikaango chake.

20 Novemba

Siwezi kula bukari, ugali wetu wa hapa. Uji tu, tena wa baridi. Dawa ya kupaka haijafanya lolote.

Mbwa wetu naye si mzima. Anaitwa Ministre, kaka yangu mkubwa Guy ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu analala wakati wengine wanafanya kazi. Pua yake imeota magamba ya manjano, masikio pia, na anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Guy amemtazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Sikuipenda ile namna ya kutazama.

27 Novemba

Leo nimevua blauzi nikaona lengelenge mgongoni, kubwa kama sarafu, limejaa maji. Mama aliligusa kwa kidole chake taratibu sana, likapasuka, na ngozi ikabaki kwenye kidole.

1 Desemba

Mechi ya Panda. Malengelenge sasa yako kifuani na shingoni, nilivaa fulana yenye kola ndefu, jasho likaingia kwenye vidonda. Nilikimbia vizuri hata hivyo. Filimbi ndiyo iliyonishinda. Mara mbili nilipuliza sauti isitoke, maana midomo haikuweza kubana. Mchezaji mmoja akaendelea na mpira hadi golini, akafunga, na nilipokataa goli wote walinijia juu.

Mwishoni nahodha mmoja alificha mkono wake nyuma ya mgongo. "Samahani, mama arbitre," akasema, "minye niko na batoto ku nyumba." Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

4 Desemba

Wateja wa maandazi ya Mama wamepungua. Wanapita mbele ya mlango wetu wakitazama upande wa pili wa barabara.

7 Desemba

Nitaandika yote ya leo, hata kama mkono unauma.

Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Guy uani akimfunga Ministre kamba shingoni. Guy ananunua mawe ya shaba kwa wachimbaji wa Kamatanda na kuyauza tena, na kila Jumamosi anakwenda huko kwa pikipiki ya rafiki yake. Pikipiki ilikuwa imeshawashwa mlangoni, rafiki yake ameikalia. Kwenye kikundi chake cha maombi walikuwa wamemwambia kwamba ugonjwa wangu umeingia kupitia mnyama.

"Unamupeleka wapi?" nikamuuliza.

"Kamatanda. Kule bantu batajua namna ya kuimaliza. Angalia pua yake, Émé, kisha angalia kinywa yako. Ile imbwa njo imekuletea hii kintu."

"Nani amesema?"

"Kila muntu anaona. Weye tu hauoni."

Mbwa alikuwa amekaa chini. Hakuvuta kamba. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka na zinatoa damu, nadhani hata kusimama kulimshinda. Sijui nilichokuwa nikifikiri. Nilivua kitambaa changu cha shingo, nikafungua vifungo viwili vya blauzi, nikamwonyesha kaka yangu kifua changu mbele ya yule rafiki yake wa pikipiki.

"Kama unaua juu ya ngozi, Ya Guy, kaka yangu, basi anza na minye. Minye niko na mbaya kupita yake."

Guy akageuza uso. Rafiki yake akazima pikipiki.

Mama alitoka jikoni. Mama Élisabeth si mtu wa kupandisha sauti. Miaka yote hii nimemsikia akigombana mara chache sana. Alisimama katikati yetu, akasema: "Guy, fungua kamba. Ngozi zote mbili, yako na ya dada yako, minye njo nilizizaa. Sitaki kusikia habari ya kumaliza muntu ao imbwa mu hii parcelle, hapa ku nyumba yangu. Kama imbwa iko mugonjwa, uite munganga wa banyama. Akisema imbwa inaambukiza, utafanya yenye unataka."

Guy aliinama akaishika kamba. Kisha akaifungua, akaitupa juu ya ukuta, akaondoka kwa miguu kwenye mvua.

Sikumpenda kaka yangu leo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

9 Desemba

Amekuja daktari wa mifugo. Guy mwenyewe amemleta.

Anaitwa Ghislain, mtu mrefu mwenye sauti ndogo; anatibu mbwa wa ulinzi wa kiwanda na kukagua nyama machinjioni. Alipiga magoti kwenye tope, akazungumza na Ministre kama anavyozungumza mtu na mgonjwa wake, akabandua gamba moja kwenye sikio, akagandamiza kipande cha kioo kwenye unyevu uliokuwa chini yake. Amesema atakitazama kwa hadubini kesho.

Akanawa mikono. Halafu akaniuliza, macho yake yakiwa bado kwenye mbwa: "Na weye, Madame, kinywa ilianza mbele ao ngozi?"

"Kinywa."

"Malengelenge inapasuka mara moja?"

"Mara moja."

Akafunga mkoba wake, akaondoka.

10 Desemba

Ghislain amerudi. Tulikaa kwenye viti vya plastiki barazani, Mama, Guy na mimi, kama watu wanaosubiri hukumu.

Alieleza hivi. Chembe za ngozi zinashikana, kila moja imemshika jirani yake mkono. Mwili una walinzi wa kupigana na vijidudu. Kwa mbwa huyu walinzi wamekosea: wanakata ile mikono inayoshikana, na ngozi inaachana, inajaa usaha, inaota magamba. Kwenye kioo chake ameona chembe zilizoachana, zimekuwa duara, zinaelea peke yake. Ugonjwa unaitwa pemfigasi.

Nilimwelewa upesi kuliko wote. Nimeona mabeki wakijifunga wenyewe.

"Inaambukiza?" Guy akauliza.

"Hapana. Imbwa haiwezi kumupa imbwa mwingine, haiwezi kumupa muntu. Hakuna kidudu cha kuruka toka huku kwenda kule."

"Na dada yangu?"

Ghislain alisogeza kiti chake karibu. "Minye ni munganga wa banyama. Sina ruhusa ya kusema ugonjwa wa muntu, na ninaweza kukosea. Lakini bantu nao bako na pemfigasi yao. Haiko ile ya imbwa, ni kama ndugu yake. Kama dada yako alikuwa dada yangu, angelala Lubumbashi kesho, kwa munganga wa ngozi."

"Wawili mu nyumba moja?" Mama akasema. "Inawezekana namna gani?"

"Mama, mu avenue moja bantu babili banaweza kuvunjika muguu mwezi moja. Hakuna mwenye amemuvunja mwenzake."

Guy akainuka kitini. Akasema: "Kesho minye njo nitamupeleka."

12 Desemba, Lubumbashi

Daktari Orpha ni mwanamke mdogo kwa umbo, anavaa ndara kazini. Kabla sijamaliza kueleza aliweka kidole gumba kwenye ngozi ya bega langu isiyo na lengelenge, akasukuma pembeni, kidogo tu. Ngozi ikateleza kama ganda la nyanya iliyochemshwa.

"Ulishasikia jina pemfigasi?" akaniuliza.

"Nimesikia kwa munganga wa imbwa."

Alicheka, halafu akaona sicheki, akaacha. Nikamweleza habari ya Ministre. Alisikiliza yote. Akasema yule bwana alifanya vizuri kunituma, na akafanya vizuri zaidi kutosema zaidi ya alichojua. Akakata kipande kidogo cha ngozi kwenda kupimwa, lakini akasema hatasubiri majibu kuanza dawa, kwa sababu ngozi iliyo wazi hivi ni mlango, na vijidudu havibishi hodi.

Guy alikuwa amekaa karibu na mlango. Daktari akamwita. "Weye ni kaka? Kuja hapa. Ushike mukono yake. Shika, haina mubaya. Ile ugonjwa haiambukizaka muntu. Hata kwa kikombe, hata kwa kitanda, hata kwa jasho. Ukirudi Likasi, uambie bantu."

Guy alinishika mkono. Kiganja chake ni kigumu kama gome. Hatujashikana mikono tangu utoto.

13 Desemba

Dawa: prednizoni, vidonge vingi kila asubuhi baada ya kula, na nyingine ya kusaidia, azathioprini, ambayo inachukua wiki nyingi kabla ya kuonyesha nguvu. Daktari amenikataza jambo moja kwa kurudia mara tatu: nisiache prednizoni ghafla, hata nikipona, hata nikichukia uso wangu kwenye kioo. Inashushwa polepole, na yeye ndiye anayeishusha.

Nimeuliza kama nitaweza kuchezesha finale mwezi wa tano. Akauliza finale ya nini. Nilipomwambia alinitazama upya kabisa. "Sikuahidi," akasema. "Lakini tutajaribu."

18 Desemba

Ministre naye anapewa prednizoni yake, kipimo chake mwenyewe alichokiandika Ghislain. Mama anaifinyanga ndani ya tonge la bukari. Dawa zangu ziko juu ya kabati, zake kwenye kikopo cha maziwa jikoni, na Mama amekataza mtu mwingine yeyote kuzigusa.

25 Desemba

Noeli. Sikwenda misa. Nililala kifudifudi, na Mama akanipangusa mgongo kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Kwaya ilisikika hadi hapa.

29 Desemba

Majibu ya Lubumbashi yametoka. Ni pemfigasi.

Nililia. Si kwa huzuni. Kwa karibu miezi miwili, midomoni mwa watu, nimekuwa mchafu, nimekuwa mlaaniwa, nimekuwa mwanamke aliyelala na mume wa mtu. Sasa nina ugonjwa tu, wenye jina.

2 Januari

Njaa. Sijawahi kuona njaa kama hii. Ni dawa. Nimeamka nikala uji, nikala maandazi yaliyobaki, nikaingia jikoni nikamkuta Ministre ameshatia kichwa kwenye sufuria, naye yuko kwenye dawa ileile. Tulitazamana. Nilimwachia ukoko.

6 Januari

Tangu juzi hakuna lengelenge jipya.

7 Januari

Hakuna.

8 Januari

Hakuna. Naogopa kuandika.

15 Januari

Mgongo unakauka. Pua ya Ministre imerudi kuwa nyeusi na leo amembwekea muuza maji. Guy alicheka hadi akakaa chini. Kinywa changu bado. Daktari amesema kwa simu kwamba kinywa ndicho kinachochelewa.

19 Januari

Nimekwenda kwenye mkutano wa waamuzi. Uso wangu umekuwa mviringo, mashavu yamejaa, baadhi hawakunitambua. Papa Albert alisoma ratiba ya mechi hadi mwisho. Jina langu halikuwemo hata kwenye bendera.

Nikamfuata nje. Mvua ilikuwa nyembamba.

"Papa Albert, munganga amesema siambukizi. Unaweza kumupigia simu, niko na namba yake."

"Ninakuamini, mwanangu. Haiko minye. Ni ma-équipe. Bachezaji banasema hawatacheza kama uko katikati. Upumuzike mwaka huu, utarudi mwaka ujao."

"Na finale?"

Alirekebisha kofia yake. "Finale nitamupa mwengine."

Huyu ndiye aliyenifundisha kanuni zote za mpira. Alinifundisha kwamba mwamuzi haangalii jukwaani kabla ya kuamua. Nilitembea hadi nyumbani bila kufungua mwavuli.

23 Januari

Sitaki kuandika.

30 Januari

Nimempigia Daktari Orpha, nikamwambia alivyosema Papa Albert. Akaomba namba ya Papa Albert.

1 Februari

Papa Albert hajanipigia.

9 Februari

Jumapili. Watu wa kikundi cha maombi cha Guy wamekuja nyumbani, wanne, wamevaa vizuri, wana heshima. Wametuombea. Niliitika amina kwa moyo mmoja, sina ugomvi na maombi. Halafu kiongozi wao akasema kwamba sasa nimeponywa, imebaki hatua ya imani: niweke dawa chini.

Nilitazama juu ya kabati, ziliko dawa zangu. Na niseme ukweli, nilitamani. Kila asubuhi natazama huu uso wa mwezi, miguu imekuwa myembamba, silali, natetemeka mikono. Kama mtu angeniambia acha, na akawa mkubwa kuliko mimi, labda ningeacha.

Guy ndiye aliyejibu. Sikutegemea.

"Ndugu yangu," akasema, "minye nilikuwa ku Lubumbashi. Munganga alisema akiacha ile dawa mara moja, anaweza kufa. Nilisikia na masikio yangu. Mungu anaponyesha, naamini. Lakini pale tulisema imbwa njo ilimuambukiza, minye nilifunga imbwa kamba, na tulikosea. Sitafunga mara ya pili."

Kiongozi wao akamshika Guy bega, akasema: "Basi tutaombea na dawa pia." Mama akaleta chai.

Baadaye nilimkuta Guy uani anamkuna Ministre nyuma ya masikio, pale magamba yalipokuwa. Nilikaa karibu naye tu.

16 Februari

Nimeanza kukimbia. Kutoka nyumbani hadi mwisho wa barabara yetu. Nimefika nikiwa nahema kama bibi, na mapaja yananitetemeka. Dawa imekula misuli.

17 Februari

Hadi mwisho wa barabara, na kurudi.

21 Februari

Mvua kubwa. Nimekimbia hivyohivyo. Ministre alinifuata hadi kwenye kona, akafikiri, akarudi nyumbani.

3 Machi

Daktari ameshusha kidonge kimoja. Sukari yangu iko sawa, shinikizo la damu liko sawa. Madoa meusi yamebaki mgongoni na kifuani kama ramani. Amesema yatafifia. Nimemwambia yakae tu, mimi sina haraka nayo.

12 Machi

Nimekula bukari, samaki na pilipili. Polepole, upande wa kulia. Mama alijifanya anatafuta kitu kwenye kabati ili nisione macho yake.

15 Machi

Wateja wa maandazi wanarudi. Ya Mamie wa nyumba ya tatu, ambaye ndiye alikuwa wa kwanza kuvuka barabara mwezi wa kumi na mbili, amenunua mengi kuliko kawaida na akaomba akalie kiti changu kidogo, amechoka. Alikaa mpaka maandazi yakapoa. Nilimpa maji.

22 Machi

Papa Albert amekuja nyumbani. Alikuwa amevaa suti, kama anakwenda kuposa.

Alisema Daktari Orpha alimpigia simu, na hakumpigia mara moja. Alimweleza, akamweleza tena, na mara ya tatu akamwuliza swali moja: je, waamuzi wa Likasi wanachaguliwa na wachezaji?

Papa Albert akavua kofia yake. "Émérence, sikuwa na woga wa ugonjwa. Nilikuwa na woga wa bantu. Kwa arbitre ile ni mubaya zaidi."

Sikumsaidia. Nilimwacha amalize.

"Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa ine kuko test ya kukimbia, kwa ba-arbitre wote benye banataka finale. Siwezi kukupunguzia hata muzunguko moja."

"Sikuomba kupunguziwa."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

5 Aprili

Mvua zinaisha. Nakimbia alfajiri kabla ya duka. Guy ananipimia muda kwa simu yake na ananidanganya, nimemkamata.

12 Aprili

Nimepita.

Nitaeleza kidogo, maana nimechoka vibaya. Tulikuwa tisa. Mzunguko, kutembea, mzunguko, kutembea, hadi filimbi ya mwisho. Wawili walitoka mapema. Mimi nilikuwa nyuma ya wote tangu mwanzo, kwa makusudi. Nilijua miguu yangu ina kiasi gani, sikutaka kuitapanya. Karibu na mwisho nilianza kuona nyota mchana. Kijana mmoja mwamuzi, Jeancy, aliyekuwa akipewa mechi zangu tangu Januari, alipunguza mwendo akaja karibu yangu. Nikadhani ananionea huruma. Akasema: "Ya Émé, usiniache." Yeye ndiye aliyekuwa amekwisha. Tukavuka mstari pamoja, tukaanguka kwenye majani, na hakuna aliyejali nani amemgusa nani.

Papa Albert aliandika majina yetu bila kuinua kichwa.

20 Aprili

Pasaka. Nimekwenda misa na Mama, nimevaa gauni lisilo na kola.

27 Aprili

Nimechezesha nusu fainali ya vijana. Filimbi ilitoka safi, kali, hadi watu wa barabarani waligeuka. Nahodha mmoja alisita kunishika mkono. Nilisubiri, mkono wangu uko mbele yake, wala sikuurudisha, na mpira hauwezi kuanza bila mimi. Akanishika.

4 Mei

Papa Albert ametangaza. Finale ya Kombe la Mji: Étincelle ya Panda dhidi ya FC Marteau ya Kamatanda. Mwamuzi wa kati, Émérence. Jeancy yuko kwenye bendera.

Guy ni mpenzi wa Marteau tangu timu ilipozaliwa. Nusu ya wachezaji wanamuuzia mawe. Ameruka juu kwa furaha, kisha akaniangalia kwa namna fulani. "Utakumbuka kama minye njo nilikupeleka Lubumbashi."

"Nitakumbuka," nikasema, "mpaka pale mpira utaanza."

11 Mei

Jua kavu, upepo mdogo, vumbi la kwanza la kiangazi. Watu wamejaa hadi juu ya kuta na kwenye matawi ya miti ya nje. Nilimeza dawa zangu asubuhi, vidonge vichache sasa, nikala mayai, nikafunga viatu mara mbili.

Walipotuita kuingia, sikuangalia jukwaani. Nilisikia kelele zikipungua, watu wakinitafuta kwa macho: yule ndiye, yule wa ngozi. Niliweka mpira katikati. Nikapuliza.

Mechi ilikuwa ngumu na ya heshima. Étincelle walifunga kwa kichwa. Marteau wakasawazisha kabla ya mapumziko, na nikamsikia Guy, sauti yake naijua kati ya elfu. Kipindi cha pili nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia maishani. Kulikuwa na wakati nilisahau kabisa kwamba nina mwili. Ni miezi mingapi hiyo, Mungu wangu, niliyokuwa naubeba tu kama gunia.

Mpira ulipokaribia kuisha, wakiwa wamefungana moja kwa moja, krosi ilipigwa kwenye boksi la Marteau. Beki wao aliruka na mshambuliaji. Watu wote waliona vichwa viwili. Mimi nilikuwa karibu, niliona mkono, umenyooka, umeupiga mpira kama wa voliboli. Nikapuliza, nikaonyesha penalti.

Dunia ikapasuka. Wachezaji wa Marteau walinizunguka, vifua vyao vinanigusa, jasho lao kwenye mikono yangu, midomo yao karibu na uso wangu. Nahodha wao alinishika bega, nikamwonyesha kadi ya njano. Sikurudi nyuma hata hatua moja. Penalti ikapigwa, ikaingia. Nilipopuliza filimbi ya mwisho, upande mzima wa Kamatanda ulikuwa umesimama juu ya benchi ukinitukana.

Na hapo katikati ya uwanja nikaanza kusikia maneno yenyewe.

"Arbitre iko kipofu."

"Mununulie miwani."

"Amekula mbuzi ya Panda, huyu."

"Arudi ku mapishi."

Nilisikiliza kwa makini, upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe. Walitukana macho yangu. Walitukana akili yangu, ukoo wangu na tumbo langu. Hakuna hata mmoja aliyetaja ngozi. Mimi nilikuwa mwamuzi aliyewanyima kombe, basi, kama mwamuzi mwingine yeyote duniani.

Jeancy alikuja mbio na bendera yake, ana wasiwasi. "Ya Émé, uko unalia? Banakuumiza na bile maneno?"

"Hapana," nikamwambia. "Acha baseme. Acha kidogo baseme."

12 Mei

Guy hajanisemesha tangu jana. Amekula chakula cha jioni akinigeuzia mgongo, na asubuhi hii alimwambia Mama, mimi nikiwa palepale: "Uambie binti yako ile haikuwa mukono, ilikuwa bega."

"Mama," nikasema, "umuambie mutoto wako ilikuwa mukono."

Mama amesema hataki mpira mezani kwake, tupitishiane chumvi tu.

Guy akanisogezea chumvi bila kunitazama. Ilikuwa mkono.